Safari ya Gari Kutazama Majani ya Vuli New England: Jinsi ya Kuikuta Rangi Kabla Haijapukutika

Wanaorudi kutoka New England, majimbo sita ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kila Oktoba hulalamika mambo matatu: tulikuta miti bado kijani, tulikuta matawi matupu, au tulishinda kwenye foleni tukisoma namba ya gari la mbele. Malalamiko yote matatu yana mzizi mmoja. Safari ilifungwa miezi sita kabla kwa tarehe moja na mji mmoja, na majani hayasomi kalenda.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku nne katika milima ya New Hampshire na Vermont, iliyopangwa ili iweze kusogea. Ukifika na kukuta rangi haipo, hutasubiri wala hutakata tamaa. Utapanda, utashuka au utahamia bonde la jirani, na mara nyingi mwendo wa saa moja au mbili unatosha kuikuta.

Jambo la lugha kwanza. "Vuli" hapa si mvua za mwisho wa mwaka. Ni majira ya kupukutika majani katika nchi za baridi, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mapema Novemba.

## Vitu vya kuandaa

Nyaraka na malipo
- Leseni ya udereva, pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha gari ikiwa leseni yako haikuandikwa kwa Kiingereza. Kampuni nyingi za kukodisha magari huuliza.
- Kadi ya benki yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya mwenzako haitakubaliwa kwenye dirisha la kukodishia.
- Noti ndogo ndogo za dola. Baadhi ya maegesho ya msitu wa taifa wa White Mountain hulipiwa kwa bahasha na sanduku la chuma, na sanduku halina chenji.

Gari
- Gari dogo au la kati. Barabara nzuri kuliko zote katika safari hii ni nyembamba, na sehemu za kuegesha ni fupi.
- Tairi zenye kashata nzuri na waipa zisizokwaruza. Kagua kabla ya kutia saini, si baada ya mvua kuanza.
- Maji ya kioo ya aina isiyoganda. Asubuhi za Oktoba milimani hufika nyuzi 0.
- Kikwanguo cha barafu, hata cha plastiki.

Ramani
- Ramani ya majimbo yote mawili iliyopakuliwa kwenye simu, na nyingine ya karatasi. Mabonde kadhaa hayana mtandao kabisa.

Mavazi
- Nguo za kuvaliwa moja juu ya nyingine. Asubuhi utahitaji koti na kofia ya sufu, na mchana huenda ukabaki na shati.
- Viatu visivyoteleza. Njia za maporomoko hufunikwa na majani yaliyolowa, na hapo ndipo watu huvunjika vifundo.
- Fulana au kofia ya rangi ya chungwa kali kama utaingia msituni kwa miguu. Vuli ni msimu wa uwindaji.

## Hatua ya 1: Elewa rangi inavyotembea

Usiruke hatua hii. Maamuzi yote yanayofuata yanaitegemea.

Jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili. Siku zinapofupika na usiku kupoa, mti huacha kutengeneza klorofili mpya na ile iliyopo huvunjika. Njano na chungwa hujitokeza hapo. Rangi hizo, ziitwazo karotenoidi, zilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, zimefichwa tu. Nyekundu ni tofauti. Hutengenezwa upya msimu huo huo kutokana na sukari iliyonaswa ndani ya jani.

Maana yake kwa dereva ni hii: njano huja karibu kila mwaka, lakini nyekundu hutegemea hali ya hewa. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huleta nyekundu kali. Usiku wa joto au mawingu ya wiki nzima huipoozesha. Ukame mkali wa kiangazi hukausha kingo za majani na kuyaangusha mapema.

Rangi hutembea pande mbili kwa wakati mmoja:

1. Kutoka kaskazini kwenda kusini. Kaskazini ya mbali ya Vermont, New Hampshire na Maine hutangulia. Connecticut na Rhode Island hufunga mlango mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba.
2. Kutoka juu kwenda chini. Vilele hugeuka kwanza, kisha mabega ya milima, mabonde mwishoni.

Miti nayo ina zamu zake. Mepo (kwa Kiingereza maple) mwekundu wa maeneo ya majimaji hugeuka mapema mno, wakati mwingine Agosti haijaisha. Usidanganyike ukiona picha za mti mmoja mwekundu kando ya kinamasi ukadhani msimu umefika. Mepo wa sukari ndio unaobeba msimu wenyewe, kwa chungwa na nyekundu pamoja. Betula na aspeni hutoa njano. Mialoni huchelewa na kuishia kahawia nyekundu, na mitamaraki, ambayo inafanana na misonobari lakini humwaga majani yake, hugeuka dhahabu baada ya wengine kumaliza.

Utajua umeelewa ukiweza kujibu swali hili bila kusita: ukikuta kilele kitupu na bonde bado kijani, uelekee wapi? Jibu ni katikati, kwenye mabega ya mlima, na kesho yake chini kidogo ya hapo.

## Hatua ya 2: Chagua wiki, si siku

Kwa mzunguko wa safari hii, wiki salama zaidi huanzia siku za mwisho za Septemba hadi karibu tarehe 12 Oktoba. Nusu ya kwanza ya kipindi hicho inafaa kaskazini na juu, nusu ya pili inafaa katikati na mabondeni.

Epuka mwisho wa wiki unaoishia Jumatatu ya pili ya Oktoba. Ni sikukuu ya kitaifa Marekani, na ndizo siku tatu zenye msongamano kuliko zote za msimu. Kama huna budi, tumia siku hizo kwa barabara ndogo za Vermont na uache zile maarufu hadi Jumanne.

Lenga kufika siku chache kabla ya kilele cha rangi, si siku ya kilele chenyewe. Jani lililofika kileleni limebakiwa na uzi tu kwenye tawi. Usiku mmoja wa mvua na upepo unaweza kuvua mlima mzima. Ukitangulia, kila siku ya safari inakuwa bora kuliko ya jana. Ukichelewa, kila siku inakuwa mbaya zaidi.

## Hatua ya 3: Weka kambi mbili

Kulala mji mpya kila usiku kunakula saa bora za mwanga kwa kufunga mizigo. Kulala mji mmoja siku zote nne kunakufunga kwenye bonde moja. Kambi mbili za usiku mbili mbili zinatosha:

- Kambi ya kwanza: upande wa Conway, New Hampshire, mashariki mwa milima ya White Mountains.
- Kambi ya pili: eneo la Waterbury au Waitsfield, katikati ya Vermont.

Kati ya kambi hizo ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa barabara ya 302 hadi Littleton, kisha I-93 hadi St. Johnsbury, halafu barabara ya 2.

Weka nafasi miezi kadhaa mapema. Nyumba nyingi za wageni hazikubali usiku mmoja katika msimu huu, kwa hiyo usiku mbili mbili zinakufaa hata kwa hilo. Lipa kidogo zaidi ili upate nafasi inayoweza kufutwa bure. Hiyo nyongeza ndiyo bei ya uhuru wako wa kusogeza safari, na safari isiyosogezeka ndiyo inayofeli.

Kama Conway imejaa, jaribu Littleton au Plymouth. Kama Waitsfield imejaa, jaribu Montpelier au White River Junction. Hii miji iko pembeni kidogo ya njia kuu ya watalii na ina maduka ya vyakula yanayofungwa kwa wakati wa kawaida.

## Hatua ya 4: Chora mizunguko, na uchague upande wa kuzungukia

Wengi huchora mstari: kwenda na kurudi njia ile ile. Mzunguko ni bora, kwa sababu unapita miinuko tofauti na pande zote za mlima. Lakini mzunguko una upande sahihi na upande wa kukutesa, na tofauti yao ni jua.

Oktoba jua liko chini angani siku nzima. Ukielekea mashariki asubuhi au magharibi jioni, unaendesha ukiwa umekunja uso, na majani mbele yako yanakuwa kivuli cheusi.

### Mzunguko wa New Hampshire (kama kilomita 160)

Anzia Conway asubuhi na uelekee magharibi kwa barabara ya 112, iitwayo Kancamagus. Ina urefu wa kilomita 55 hadi Lincoln, haina kituo cha mafuta hata kimoja, na inapanda hadi mita 870 hivi kwenye mgongo wake. Jua litakuwa mgongoni mwako. Wageni wengi wanaotoka Boston kwa barabara kuu ya I-93 huingilia Lincoln, upande wa pili, kwa hiyo utafika kwenye maegesho ya upande wa Conway kabla yao.

Vituo kwa mpangilio utakaovikuta:

1. Daraja la Albany lenye paa, juu ya mto Swift.
2. Lower Falls na Rocky Gorge, maji yanapopita kati ya miamba. Njia ya miguu ni fupi mno.
3. Sabbaday Falls, matembezi ya nusu kilomita hivi kila upande.
4. Kituo cha kutazamia cha Pemigewasset, baada tu ya mgongo wa barabara. Hapa ndipo utakapoona tofauti ya rangi kati ya juu na chini kwa jicho moja.
5. Kituo cha Hancock, kwenye kona kali ya kushuka. Punguza mwendo mapema, kwa sababu magari hutoka maegeshoni bila kuonekana.

Kutoka Lincoln pinda kaskazini kupitia Franconia Notch, pengo jembamba kati ya milima. Korongo la Flume lina tiketi zenye muda maalumu, na ni busara kuzinunua mtandaoni kabla. Usipozipata, Echo Lake iko mbele kidogo, na asubuhi isiyo na upepo ziwa hilo hugeuza mlima chini juu.

Endelea hadi Twin Mountain, kisha shika barabara ya 302 kurudi kusini-mashariki kupitia Crawford Notch alasiri. Jua liko mgongoni tena. Kuta za bonde hilo ni kali, mwanga huondoka mapema, basi uwe umeingia kabla ya saa 10 alasiri.

Onyo. Ukikaribia North Conway utakutana na foleni ya maduka. Ichepuke kwa West Side Road, inayopita mashambani na kukutoa Conway. Na kama Kancamagus imejaa asubuhi, Bear Notch Road inaunganisha katikati yake na Bartlett kwenye barabara ya 302. Ni kilomita 14 hivi za msitu na vituo vichache vya kutazamia, na ni mlango wa dharura unaosahaulika.

### Mzunguko wa Vermont

Kutoka Waitsfield shuka kusini kwa barabara ya 100. Warren ina daraja lenye paa. Granville ina maporomoko ya Moss Glen yanayoonekana ukiwa barabarani. Ukifika Rochester, pinda magharibi kwa barabara ya 73, uvuke mlima kwenye pengo la Brandon Gap hadi Brandon, kisha kaskazini kwa barabara ya 7 hadi mbele ya Middlebury, na urudi kwa barabara ya 17 kupitia Bristol na Appalachian Gap.

Uzuri wa mzunguko huu si mandhari tu. Unavuka mgongo wa milima mara mbili na katikati unashuka hadi bonde la Champlain, ambalo liko chini sana na huchelewa kugeuka. Kwa siku moja unapita miinuko inayotofautiana kwa mamia ya mita. Karibu kila mwaka, mahali fulani ndani ya duara hilo pana rangi.

Barabara ya 108 kupitia Smugglers' Notch, kutoka Stowe hadi Jeffersonville, ni nyongeza nzuri ya nusu siku. Kona zake hupita kati ya majabali na sehemu nyingine magari mawili hupishana kwa shida. Malori marefu na nyumba za magurudumu ni marufuku, na kila mwaka kuna dereva anayekwama humo kwa kufuata simu yake badala ya kusoma vibao.

Vermont ilipiga marufuku mabango ya matangazo barabarani mwaka 1968. Ni raha kwa macho, ila hutaona bango kubwa la hoteli au sheli likikuambia pinda hapa. Angalia vibao vidogo vya kijani na vya rangi ya giza kwenye njia panda.

## Hatua ya 5: Siku tatu kabla, soma ripoti na upepo

Majimbo ya New England hutoa ripoti za rangi wakati wa msimu. Huzigawa hatua: mwanzo, wastani, juu, kilele, na baada ya kilele. Zisome hivi:

- Tazama ripoti mbili mfululizo, si moja. Unachotafuta ni kasi. Eneo lililotoka "mwanzo" hadi "juu" kwa wiki moja litakuwa tupu mapema.
- Angalia kamera za moja kwa moja za vituo vya kuteleza kwenye theluji. Zipo milimani, zinaonyesha leo, hazipambi kitu.
- Usitegemee picha za mitandao ya kijamii. Nyingi ni za mwaka jana, na rangi zimekolezwa.
- Soma utabiri wa upepo kabla ya utabiri wa mvua. Mvua nyepesi bila upepo haina madhara, na majani yaliyolowa hung'aa. Upepo mkali baada ya mvua ndio unaovua miti. Ukitabiriwa Ijumaa, fanya mzunguko wako mkuu Alhamisi.

Kisha amua kambi ipi itangulie. Kama juu na kaskazini kumeshakolea, anza na maeneo ya juu na umalizie mabondeni. Kama bado kuna kijani kingi, fanya kinyume: zunguka mabonde na vijiji kwanza, uwape vilele siku mbili zaidi.

Utajua umefanikiwa ukiwa na ramani yenye alama mbili kwa kila siku: mzunguko mkuu na njia ya pili iliyo juu au chini yake.

## Hatua ya 6: Toka kabla ya mwanga

Katikati ya Oktoba jua huchomoza karibu saa 1:00 asubuhi na kuzama karibu saa 12:00 jioni. Una saa 11 za mwanga, na milima hula sehemu yake.

Kuwa kwenye kituo cha kwanza jua linapochomoza. Ukungu wa bondeni huinuka polepole, barabara ni tupu, maegesho yana nafasi. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri barabara maarufu hujaa. Tumia saa hizo kwa kula, kutembea kwa miguu au barabara ndogo, kisha rudi barabara kuu mwanga unapolainika.

Hesabu muda kwa ukarimu. Saa ambayo simu inakupa, iongeze nusu yake kwa ajili ya msongamano, na dakika 20 kwa kila kituo. Mtu anayepanga vituo kumi na vinne kwa siku huishia kuviona vyote kupitia dirishani.

Jaza tangi likifika nusu. Usisubiri taa iwake, hasa kabla ya Kancamagus.

## Hatua ya 7: Kuendesha kwenye barabara za vuli

Magari hukaa kulia Marekani. Kama umezoea kushoto, hatari kubwa si barabara kuu, ni kutoka kwenye kituo cha kutazamia ukiwa bado unafikiria picha. Kabla ya kuingia barabarani, jisemee kwa sauti: "kulia." Mwambie na abiria akukumbushe.

Majani yaliyolowa huteleza karibu kama barafu, na yanaficha mistari na mashimo. Punguza kabla ya kona, usifunge breki katikati yake.

Kushuka mlima: weka gia ndogo, hata kwa gari la otomatiki. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto na kulegea. Ukinusa harufu ya kuungua, egesha mahali salama na uziache zipoe.

Jua la chini: safisha kioo cha mbele kwa ndani pia. Ukungu mwembamba wa mafuta na vumbi usiouona mchana hugeuka pazia jeupe jua likikupiga usoni.

Ukungu: tumia taa za chini. Taa kali hurudishwa na ukungu machoni mwako.

Madaraja asubuhi huganda kabla ya barabara, kwa sababu baridi hupita juu na chini yake.

Wanyama. Kulungu ni wengi, lakini wa kuogopwa ni musi, jamaa mkubwa wa kulungu, ambaye dume lake linaweza kupita kilo 450. Vuli ndio msimu wao wa kupandana, hivyo hutembea sana alfajiri na magharibi. Miguu yake ni mirefu kiasi kwamba gari humkata miguu na mwili wake huangukia kioo cha mbele. Ni mweusi, na kichwa chake kiko juu ya mwanga wa taa, basi usitarajie kuona macho yaking'aa. Ukiona kibao cha tahadhari jioni, punguza hadi mwendo unaoweza kusimama ndani ya mwanga wa taa zako.

Basi la shule likisimama na kuwasha taa nyekundu, simama, hata kama unatoka upande wa pili wa barabara isiyo na kizuizi katikati. Utakutana nayo kila kijiji asubuhi na alasiri.

Na ukiona mkia wa magari umekufuata kwa sababu unatazama miti, ingia pembeni uwapishe. Wengine wanakwenda kazini.

## Hatua ya 8: Kusimama na kupiga picha

Simama pale palipotengwa tu. Usiegeshe nusu ya gari ikiwa barabarani, wala juu ya rundo la majani makavu: bomba la moshi chini ya gari huwa na joto la kutosha kuyawasha. Maegesho mengi ya Kancamagus huhitaji kibali cha siku, kinachowekwa mahali panapoonekana kwenye kioo.

Heshimu mashamba ya watu. Barabara ya Cloudland karibu na Woodstock, Vermont, ilifungwa kwa wageni wakati wa msimu kuanzia 2023 baada ya wapiga picha kuziba njia na kuingia mashambani bila ruhusa. Programu nyingi za ramani bado zinaweza kukuelekeza huko. Kibao kikisema imefungwa, imefungwa.

Kwa picha, mambo machache yanatosha. Siku ya mawingu si siku mbaya: mwanga ni laini, rangi hukolea, na picha za ndani ya msitu hutoka vizuri kuliko za jua kali. Acha anga nyeupe nje ya fremu. Siku ya jua, simama jua likiwa nyuma ya majani na uyatazame kutoka chini, yatawaka kama vioo vya kanisa. Kichujio cha kupunguza mng'aro huondoa weupe juu ya majani yaliyolowa. Kizungushe hadi mng'aro upotee. Kwa simu, gusa sehemu yenye mwanga zaidi na ushushe mwanga kidogo, la sivyo nyekundu itageuka doa bapa.

## Hatua ya 9: Umefika na rangi haipo

Kila kitu kijani. Panda. Appalachian Gap ina zaidi ya mita 700. Isipotosha, elekea kaskazini kuelekea Newport, Vermont, inakoishia barabara ya 100.

Juu kutupu, chini kijani. Tafuta mabega ya milima, na mabonde yanayotazama kaskazini, ambako baridi hutua mapema.

Kote kumepukutika. Shuka hadi bonde la Champlain. Kukiwa kutupu hata huko, futa usiku uliobaki na uende kusini: milima ya Berkshires magharibi mwa Massachusetts, ambako barabara ya 2 hupita kwenye kona maarufu karibu na North Adams, kisha vilima vya Litchfield, Connecticut. Unaweza kujinunulia wiki nzima kwa mwendo wa saa tatu au nne.

Kahawia na kukauka kingo. Ni ukame. Kaa karibu na mito na maziwa, miti yenye maji hushika rangi zaidi.

Umechelewa kabisa, ni mwisho wa Oktoba. Hamisha safari nzima. Barabara ya Blue Ridge Parkway, kilomita 755 kati ya Virginia na North Carolina, hupanda hadi mita 1,845 karibu na Richland Balsam na kushuka sana kuelekea Asheville, kwa hiyo rangi yake hudumu wiki nyingi: vilele mapema Oktoba, mabonde hadi mwanzoni mwa Novemba. Mwendo wa juu kabisa ni maili 45 kwa saa, na hakuna vituo vya mafuta juu ya barabara yenyewe. Unatoka kwenye njia panda kujaza. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu sehemu za North Carolina, basi angalia ramani ya sehemu zilizofungwa kwenye tovuti ya hifadhi asubuhi ile ile unayoondoka, na upange kwa namba za nguzo za maili zilizoko kando ya barabara, kwa sababu ndizo zinazotumika kutaja kila kituo na kila kufungwa.